Skrubu Kumi na Tisa

Watu wa Mutsamudu walipomwona Moindjié akiingia kwa Maanrifa, mchukuzi nyuma yake amejitwika sanduku la vioo, walisema Maanrifa ameolewa na muuza vioo. Mji ule ni wa vichochoro vyembamba, na habari hupita humo upesi kuliko watu. Kabla mume mpya hajavua viatu, mtaa ulikuwa umeshakubaliana kwamba Mngazija huyu, mtu wa kisiwa cha jirani, amekwenda Ufaransa miaka yote ile na kurudi na biashara ya dukani. Maanrifa alijaribu kuwaeleza, akachoka, akawaachia muuza vioo wao.

Moindjié alikuwa fundi. Alikuwa amefanya kazi katika karakana moja kusini mwa Ufaransa, wanakosaga na kung'arisha vioo vya darubini, zile kubwa zinazojengwa juu ya milima kutazamia nyota. Alirudi kwao Moroni kumuuguza mama yake, akamzika, na kabla hajaondoka tena akamwona Maanrifa, aliyekuwa amekuja Moroni kwenye arusi ya rafiki yake. Hapo safari ikafa. Kwa desturi ya visiwa vile nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye anayehamia. Moindjié akahamia Mutsamudu, kwenye nyumba ya ghorofa ambayo Maanrifa alipewa na mama yake, akapewa chumba cha nyuma kwa kazi zake. Dada mkubwa wa Maanrifa, Rahmati, aliishi nyumba ya pili, na alimcheka shemeji yake kila siku kwa lafudhi yake ya Kingazija. Shemeji naye alimjibu kwa lafudhi ile ile, kwa makusudi.

"Unauona mnara wa msikiti unavyocheza?" Moindjié alimwuliza mkewe adhuhuri moja, wakiwa dirishani, joto likifuka juu ya mabati ya jirani.

"Nauona."

"Mnara haujacheza. Ni hewa iliyo katikati. Nyota nazo ni hivyo hivyo. Nuru yake imesafiri miaka na miaka imenyooka, inafika hapa kwetu, imebakiza hatua ya mwisho, hewa yetu inaivuruga."

"Basi mtaifunga hewa kamba?"

"Hewa haifungiki. Kioo ndicho kitakachocheza. Hewa ikivuta nuru huku, kioo kinajipinda kule, na nyota inatulia."

Maanrifa alimwambia kwamba wazungu wamempa kazi ya kupinda kioo kwa sababu wao wenyewe wana akili. Lakini siku ile ile alimfuata chumba cha nyuma, na tangu hapo hakutoka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kioo kilikuwa kipana kama sinia ndogo, chembamba mno, kimeshikwa pembeni na pete ya shaba ambayo sonara wa Mutsamudu aliitengeneza huku akiuliza ni bangili ya jini gani. Nyuma yake palikuwa na skrubu kumi na tisa, kila moja inakisukuma kioo mahali pake. Kule Ufaransa skrubu zile zingekuwa vyuma vidogo vinavyosukumwa na umeme, mara mamia kwa sekunde moja. Ila kabla ya umeme ilipasa kwanza kijulikane kioo chenyewe: ukikisukuma hapa, pale jirani kinainuka kiasi gani? Hilo ndilo mkubwa wake wa zamani alilomwachia alitafute, kwa mkono, kwa subira, na majibu ayapeleke kwa posta.

Waliziba dirisha kwa mkeka, chumba kikawa giza mchana kweupe. Moindjié alikaa mbele, na taa ndogo yenye tundu na wembe, akitazama jinsi nuru inavyorudi kutoka kwenye kioo na wembe unavyoikata, kivuli kikimwonyesha kioo kimepinda wapi. Maanrifa alikaa nyuma ya kioo, bisibisi mkononi.

"Ya saba, robo."

"Tayari."

"Umezidisha. Irudishe kidogo. Kidogo, mke wangu, usiivute kama mlango wa jikoni."

"Anayeutaka mlango wa jikoni na aende mwenyewe jikoni."

Walipendana humo gizani. Mambo ambayo watu wengine huambiana kitandani, wao waliambiana kati ya skrubu na skrubu: mtoto ambaye hajaja, mama aliyezikwa, safari ya Ufaransa watakayokwenda wote wawili majibu yakikubaliwa. Maanrifa alikijua kioo kile kwa upande wake wa nyuma. Uso wake mwenyewe hakuwahi kuutazama humo hata mara moja. Na kila walipomaliza, walizilegeza skrubu zote, kwa sababu kioo chembamba kikiachwa kimekazwa na baridi ikaja, shaba hujikunyata na kioo hakina pa kwenda.

Mwezi wa tatu wa mwaka themanini na tano Moindjié alikwenda Moroni kupokea sanduku la vioo vipya lililokuja kwa ndege. Siku ya kuondoka alikikaza kioo na kukiacha hivyo, kwa sababu kilikuwa kimefika kwenye umbo zuri kuliko yote waliyowahi kuyapata.

"Usikiguse," alimwambia. "Nikirudi Jumamosi nataka nione kama kimetulia au kimetoroka."

"Na baridi?"

"Baridi gani mwezi huu? Tunalala madirisha wazi."

Jumamosi haikumleta. Visiwa vile, tangu mwaka wa sabini na nane, vilikuwa na rais mwenyeji na wenye nguvu wageni: mamluki wa kizungu waliokuja kwa meli, wakaipindua serikali, wakabaki kuwa wakubwa wa kikosi cha ulinzi. Wiki ile baadhi ya askari wenyeji wa kikosi walituhumiwa kutaka kuwaasi wakubwa hao, ukaanza msako. Moindjié alikuwa amelala Vouvouni, kijiji cha karibu na Moroni, kwa rafiki yake wa utotoni, na rafiki huyo alikuwa askari. Walichukuliwa wote wawili. Fundi wa vioo hakuwa na habari na uasi wa mtu yeyote, lakini gari la msako halichagui abiria.

Mjomba Soulé, ndugu wa mama yake Moindjié, ndiye aliyeleta habari Mutsamudu. Alishuka uwanja wa ndege wa Ouani na wazee wawili wa ukoo, kanzu zimepigwa pasi, na Maanrifa alipoziona kanzu zile mlangoni alijua kabla mtu hajafungua mdomo.

"Kwezi, mjomba," alisema, maana salamu ya mdogo kwa mkubwa haina siku ya kusahauliwa.

"Mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa," alisema Soulé, akijifuta jasho. "Mwenzio alikufa usiku ule ule waliomchukua. Wamezikwa pamoja, yeye na rafiki yake."

"Nani aliwaona?"

"Watu wanasema."

"Watu gani, mjomba?"

Wale wazee wawili walitazama mkeka. Soulé akashusha sauti. "Kule haulizwi mtu, mwanangu. Anayekwenda kuuliza habari za ndugu yake, kesho naye huulizwa habari zake. Ijumaa tumemsalia sala ya ghaibu, maana maiti hatuna. Msikiti ulijaa."

Kuuliza si ujinga, ndivyo wasemavyo Waswahili, lakini mwaka ule kuuliza kulikuwa hatari, na watu wa Moroni si wajinga. Walimpenda kijana wao, hilo wasisingiziwe. Ila kumlilia kulikuwa kwepesi kuliko kwenda kugonga lango na kulitaja jina lake, wakachagua lililo jepesi, wakaliita subira. Na Maanrifa angefanya nini? Wenye mtu wao wamekwisha kumsalia. Mke anayekataa eda baada ya hapo huambiwa ana kiburi, au ana mwanamume mwingine.

Akakaa eda. Akavaa nyeupe, akaacha manukato na msindanu, ule msandali wa kusaga ambao wanawake wa kule hujipaka usoni. Hakutoka nje, hakuonana na wanaume. Rahmati alihamia kwake kumtunza, akavifunika vioo vyote vya nyumba, kwa kuwa mfiwa hajitazami. Alipofika chumba cha nyuma akatoa shiromani, nguo yake ya zamani ya kujitanda, na kukifunika kile cha pete ya shaba.

"Hata hicho, dada?"

"Kioo ni kioo."

Maanrifa hakubishana. Mume wake alimwambia asikiguse, na dini ilimwambia asikitazame, na kwa mara ya kwanza maishani amri mbili zilikubaliana. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Upepo wa kusi ukaanza, na usiku watu wakawa wanajifunika shuka mbili. Siku moja baada ya Idi alisikia sauti ya mwanamume mlangoni chini, sauti ya chini, yenye woga. Rahmati aliporudi juu alimwuliza ni nani.

"Mtu wa pole," alijibu Rahmati.

Siku chache baadaye, asubuhi ya baridi, ulisikika mlio mmoja mkavu kutoka chumba cha nyuma. Rahmati akasema ni panya. Maanrifa akamwachia panya wake. Alijua sauti ya panya, na alijua sauti ya kioo, lakini kilichokwisha kufa alikuwa ameshakizoea.

Siku alipotoka eda, kitu cha kwanza alichofanya ni kuivuta ile shiromani. Ufa ulianzia ukingoni, kwenye skrubu ya saba, ukakata mpaka katikati. Maanrifa akakaa sakafuni akalia kama hakuwahi kulia. Umbo lile zuri kuliko yote, lililomgharimu mumewe macho na yeye vidole, halikuwepo tena, na hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwambia kilichopotea.

"Kumbe yule mtu alikuwa akisema kweli," alisema Rahmati nyuma yake.

"Mtu gani?"

"Yule wa pole. Fakri, mchukuzi wa bandarini. Alikuwa amefungwa Moroni pamoja na mwenzio. Nilipomwambia uko edani alishtuka, akasema innalillahi, akanipa pole. Halafu akasema aliagizwa neno: 'Mwambie mke wangu, usiku umeanza baridi, asiningoje, azilegeze skrubu.' Nikajua ni wasia. Na wewe kioo hukuruhusiwa kukisogelea. Nikasema nikuhifadhie mpaka utoke."

Maanrifa alimgeukia dada yake kwa hasira, na hasira ikamfia mdomoni.

"Amesema baridi?"

"Baridi, ndiyo."

"Dada. Usiku waliomchukua, nani alisema baridi katika visiwa hivi? Mjomba Soulé alikaa pale akijifuta jasho."

Rahmati alihesabu miezi kwa vidole. Mtu aliyekufa kwenye joto hawezi kulalamikia baridi. Hili hata mtoto angelijua, na dada wawili walikuwa wamelikalia kwa wiki nyingi, mmoja analo neno, mwingine analo kioo.

Maanrifa alijitupia shiromani begani, akashuka vichochoro mpaka bandarini peke yake. Walioketi barazani walimwona mjane wa jana akienda mbio kwa wanaume, wakasema waliyoyasema. Alimkuta Fakri chini ya gunia la mchele. Fakri alipomtambua alilitua gunia bila kuangalia lilipoangukia.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?" alimwuliza bila salamu.

"Idi, dada. Asubuhi ya Idi ndipo nilipotolewa. Tulilala ubavu kwa ubavu tangu nilipoingia. Mimi nilimtukana mzungu gatini, ndilo kosa langu."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai, amekonda." Fakri alimtazama, na taratibu uso wake ukaanza kubadilika. "Mimi nilipofika kwenu nikaambiwa uko edani, nikajua amekufa nyuma yangu. Sikuuliza lini. Penye matanga huulizi lini, unatoa pole. Kwani nyinyi..."

"Eda nilikaa tangu kabla ya Ramadhani."

Fakri alikaa juu ya gunia lake. Kisha akamwambia mambo ambayo Maanrifa baadaye alitamani asingeyasikia na hakuweza kuacha kuyasikia. Mle kambini mfungwa halishwi na serikali, hulishwa na watu wake. Wanaleta langoni, askari anaita jina. Fakri alikuwa na shangazi Moroni aliyemletea. Moindjié jina lake halikuitwa. Kila siku alisema, "Mjomba wangu atakuja kesho, huenda hajaambiwa nilipo." Wenzake walikuwa wanamgawia, tonge hapa, tonge pale.

"Na ulipotoka wewe?"

"Sijui, dada. Wallahi sijui ni nani aliyemgawia."

Siku ya pili Maanrifa alipanda ndege Ouani. Njia nzima alikuwa akiomba jambo moja tu: awe hai. Mengine yote aliyasamehe humo angani, eda, kioo, maneno ya barazani. Alifikia nyumbani kwa Mjomba Soulé, akampa kwezi yake, akamwambia. Mzee alikataa. Akasema Fakri ni mlevi, kisha akasema wafungwa huchanganyikiwa, kisha akasema lango la kambi si mahali pa mwanamke. Maanrifa hakungoja. Aliomba jiko, akapika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, akautia kwenye bakuli lenye kifuniko, akalifunga kwa kitambaa.

"Twende, mjomba. Usipokwenda nitakwenda mwenyewe."

Soulé akavaa kanzu. Walipolikaribia lango la kambi mzee alikuwa akisoma kila dua anayoijua, na mwendo wake ulizidi kupungua, lakini alifika, na hilo aandikiwe.

Askari wa lango alikuwa mwenyeji. Hakuwakaripia, hakuwauliza habari zao. Lile jambo walilolihofia miezi yote ile halikutokea hata kidogo. Maanrifa alimnyoshea bakuli.

"Ni la Moindjié."

"Moindjié yupi?"

"Fundi wa vioo. Alichukuliwa Vouvouni."

Askari alilitazama bakuli, akamtazama mzee, akamtazama tena mwanamke. "Yule aliyekuwa hana mtu?" alisema. Kisha akaona nyuso zao, akavua kofia. "Mama, yule amekufa. Mwezi uliopita. Alianza kuhara, na mwili haukuwa na kitu cha kupigana nacho. Nyinyi ni nani wake?"

Soulé aliushika ukuta. Maanrifa alisimama na bakuli lake, lingali la moto mikononi, na kwa muda hakuelewa alifanyie nini. Mwishowe alimwambia askari ampe yeyote ambaye jina lake haliitwi. Askari akalipokea kwa mikono miwili.

Njiani kurudi Soulé alilia waziwazi, mzee wa kanzu nyeupe, barabarani, watu wakipita. "Tutamsomea hitima," alikuwa akisema. "Tutamsalia, mwanangu. Ukoo mzima tutamsalia."

"Mlishamsalia, mjomba," alisema Maanrifa. "Alikuwa anakungojeni."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, huenda mzee angepata la kujitetea.

Kadhi wa Mutsamudu alimsikiliza, akamwambia kwamba eda huhesabiwa tangu siku mtu anapokufa kweli, na ile ya kwanza haikuwa eda ya mtu yeyote. Hivyo Maanrifa akavaa nyeupe tena, nyumba ile ile, mkeka ule ule. Safari hii waliokuja walikuwa wachache. Wengine walisema mtu mmoja haliliwi mara mbili. Wengine walikuja, wakakaa, wakakosa la kusema, kwa sababu maneno ya pole waliyokuwa nayo walikuwa wameshayatumia kwa mtu huyo huyo alipokuwa hai. Rahmati hakubanduka. Alipika, akapakua, akaleta, naye hakuthubutu kumtazama mdogo wake machoni.

Maanrifa hakumlaumu. Wala Soulé hakumlaumu tena, wala Fakri. Alitafuta wa kumlaumu katika mji mzima na kila aliyemfikia alikuta amefanya kama inavyofanywa. Mazungu yale ya kambini alikuwa na nafasi ya kuyachukia maisha yake yote, na aliyachukia, lakini chuki ile haikumfaa kitu wakati wa chakula. Wakati huo ndio uliokuwa mgumu. Majirani walikuwa bado wakileta, kwa kuwa mfiwa hapikiwi na mtu mmoja: wali, mchuzi, ndizi za nazi, sinia juu ya sinia, kama walivyoleta katika ile eda ya kwanza, kutwa mara mbili, hawakukosa hata siku moja. Rahmati alikuwa akiweka sahani mbele yake na kumbembeleza ale tonge moja tu, kwa ajili ya Mungu.

Maanrifa alikuwa akinyosha mkono, na mkono unasimama juu ya wali.

"Siku zile mlizokuwa mkinilisha mimi," aliuliza, "yeye alikula nini?"